Kamati Ikae Tena

Jaji alikuwa akija Kisii kwa zamu tu, na kila alipokuja kesi ya Esnah iliahirishwa. Mara faili imesahaulika Kisumu, mara wakili wa kamati ya basari anaumwa. Esnah alizoea kutoka kijijini kwao Ekerenyo alfajiri na binti yake Bosibori, aliyetembelea mikongojo tangu polio impooze miguu, wakarudi jioni bila hata jina lao kuitwa.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mwaka wa sabini na moja Bosibori aliwashinda wenzake wote katika mtihani wa darasa la saba, akaitwa shule ya bweni. Esnah, mjane mwenye chai kidogo na migomba, akamwombea basari ya kulipia karo. Kamati ikamnyima. Mwenyekiti, Mzee Onchiri, waliyesali naye kanisa moja kila Sabato, alimweleza kwa upole kwamba fedha za umma hupewa watoto watakaokuja kuufaa umma. Huyu angemfaa nani? Esnah alikwenda nyumbani akalia, kisha akamtafuta Nyangau, wakili kijana mjini, akafungua kesi.

Tangu hapo waumini walimsalimia kwa ncha ya ulimi. Wengine walimwambia waziwazi kwamba mzee wa kanisa hapelekwi kortini. Aliimba nyimbo zake akaenda zake.

Kesi iliposikizwa hatimaye, ilikuwa mwaka wa pili. Wakili wa kamati akamuuliza, kupitia mkalimani, kama msichana huyo anaweza kuteka maji. Kulima je? Kuchuma chai? Kila mara Esnah alijibu hapana, hata neno hilo likamchosha kinywani. Mwishowe akamgeukia jaji.

"Hayo yote hawezi," alisema. "Ndiyo maana nataka asome."

Jaji aliamua kwamba kamati ilikosea kumkataa mtoto bila kumsikiliza, akaagiza ikae tena. Nyangau akampa Esnah mkono kwa furaha.

Kamati ikakaa tena. Bosibori akapewa kiti, akaulizwa maswali kwa adabu, akayajibu. Mzee Onchiri akamshukuru kwa kufika. Baada ya muda jibu likaja: amesikilizwa, na amekataliwa. Safari hii sababu zilikuwa nyingi na zimepangwa vizuri.

Nyangau alisema wanaweza kurudi kortini, ila itabidi wasubiri zamu nyingine ya jaji. Wenzake Bosibori walikuwa tayari kidato cha tatu.

"Mama, nimechoka," Bosibori alisema. "Nitaanza shule nikiwa mtu mzima."

"Mimi pia nimechoka, mwanangu. Basi utaanza ukiwa mtu mzima."

Wakarudi kortini. Miezi ikapita, kisha mwaka. Jaji mwingine akasema sababu zote zile ni moja tu, miguu ya mtoto, na hiyo si sababu, akaamuru alipiwe. Nyangau safari hii hakushangilia.

Bosibori aliingia kidato cha kwanza akiwa karibu rika moja na mwalimu wake wa hisabati. Esnah alimtandikia kitanda bwenini, akamwombea, akaaga. Kituoni aliketi kwenye kibaraza cha duka kungoja basi, akavua viatu, usingizi ukamchukua papo hapo. Mwenye duka alipomwamsha, basi lilikuwa limekwisha pita.