Mkono wa Nne wa Vanishi

Jumatatu asubuhi fundi wa rangi alipanda ngazi, akaingia ndani ya mashua ya baba yake mdogo, akasali kwa ufupi, kisha akakunja msasa na kuanza kusugua ukuta wa chumba cha kulala. Mashua ilikuwa imeegemezwa kwenye magogo uani mwa karakana, hatua mia mbili kutoka majini.

Vanishi ya zamani ilikuwa na mikono minne, tabaka juu ya tabaka. Wa juu ulikuwa wa fundi mmoja mlevi, ukabanduka kama ganda la kitunguu. Wa pili na wa tatu ilipigwa na watu asiowajua. Wa nne ulikuwa wa mama yake, aliyefariki miaka kumi na mmoja iliyopita.

Alipoufikia, Jumatano, mama yake alikuwa ameketi kitandani, kitambaa cha kufutia mapajani.

"Unasugua kinyume na nyuzi za mbao," mama alisema. "Nani kakufundisha, binti yangu?"

"Uliondoka kabla hujanimalizia somo."

"Haya, sogea."

Wakafanya kazi pamoja, kwanza msasa, kisha vanishi mpya. Kila mara mama alipoketi kupumzika, mashua iliyumba taratibu juu ya magogo, na fundi akazuia kopo la vanishi kwa mguu. Mama alifumba macho. Alikuwa amekipaka chumba hicho kwa miaka ishirini, na kila mara mashua iliposhushwa majini, yeye aliachwa ufukoni.

"Huko mbali, maji hubadilika rangi?" aliuliza.

"Sijui, Mama. Hata mimi sijachukuliwa."

Ijumaa baba mdogo alikuja kukagua. Akapitisha kiganja ukutani.

"Huu ni mkono wa shemeji kabisa," alisema. "Shemeji, hujambo?"

"Sijambo."

"Baba mdogo," fundi alisema, "Mama anaomba safari moja tu. Hali, hanywi, mzigo hana."

"Nikimchukua yeye, kesho utaomba wewe."

"Ndiyo, nitaomba."

"Umeona?" Baba mdogo alicheka. "Wanawake wa mashua hii ni wa nchi kavu, mwanangu. Ndivyo nilivyoikuta." Akajitazama kwenye mng'ao wa ukuta, akalaza masharubu.

Jumapili mashua ilishushwa majini. Baba mdogo akachungulia chumbani.

"Shemeji, tunaondoka. Shuka polepole, vanishi ya mlangoni bado mbichi."

Mama akapita ubavu ubavu, akiibana nguo yake isiguse mbao. Akasimama ufukoni kando ya binti yake, wote wawili wakinuka vanishi, na mashua ikaondoka.