Kiganja cha Joselyne

Joselyne alikuwa anageuza mpunga juu ya turubai, mbele ya nyumba yao ya Bugarama, kaka yake Ndizeye alipoingia uani na viatu mkononi kwa sababu ya tope. Alimgusa bega, akampa kwa vidole habari aliyokuja nayo: Muhigirwa wa Nyakabuye, yule aliyefiwa na mke, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, anataka kumwoa. Joselyne aliweka chini ubao wa kugeuzia. Akanyoosha mkono wa kulia mbele ya kifua, kiganja wazi, vidole vimesimama. Kisha akaushusha, akaendelea na mpunga. Kiganja kilibaki pale pale hewani. Ndizeye alikizunguka, akaenda kunawa miguu.

Haikuwa mara ya kwanza. Joselyne alizaliwa hasikii, na lugha yake ilikuwa ya mikono, aliyoitunga yeye na mama yao tangu wanaishi Uvira, Kongo, kabla familia haijarudi Rwanda. Mama alipofariki, ishara za Joselyne zikaanza kubaki hewani. Zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ukizigusa zina joto. Ile ya kuamkia watu iliyeyuka kabla uji haujapoa. Ya kuomba chumvi ilikaa mpaka jioni. Lakini vidole viwili vya shavuni, ambavyo maana yake ni mama, viko kaburini kwa mama hadi leo, na wanaopalilia huvikwepa. Kadiri alivyomaanisha, ndivyo zilivyokaa.

Hii ya uani ilikuwa ngumu kuliko zote. Ndizeye aliimwagia maji ya moto. Akajaribu jembe, mpini ukavunjika. Mchungaji alikuja akaiombea, akajigonga nayo paji la uso wakati wa kuondoka, akashauri waiache ilivyo. Basi wakaizoea, na Ndizeye akawa anatundika koti lake pale.

Muhigirwa alikuwa amemwahidi Ndizeye kazi ya usimamizi kwenye mashine yake. Na Ndizeye ndiye aliyekuwa mdomo wa dada yake. Sokoni, kanisani, kwa daktari, watu walimwangalia Joselyne halafu wakamuuliza Ndizeye. Mtu mzima, mwenye akili timamu, anayejua kupanda na kuvuna kuliko huyo kaka, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuona haja ya kujifunza vidole vyake. Ilikuwa rahisi zaidi kuuliza.

Siku ya posa, ambayo huko huitwa gusaba, hema mbili zilisimamishwa uani zikitazamana, ya wenyeji na ya wageni. Kiganja kilikuwa katikati kabisa. Sasa, gusaba ina adabu yake. Msemaji wa upande wa msichana lazima akatae kwanza. Atasema hapa hakuna msichana, au yupo ila anataka kuwa mtawa, na akikataa kwa utamu sherehe inasifiwa. Mwisho anakubali, kila mtu anajua atakubali, na maziwa yanaletwa. Msemaji wa siku hiyo alikuwa Papa Gratien, ambaye hualikwa hadi kule Gikundamvura kwa ufundi wake wa kukataa. Aliinuka, akaliondoa koti la Ndizeye kwenye kiganja, akawageukia wageni.

"Baheshimiwa, muone. Hata lupango, hii kiwanja ya nyumba, inakatala."

Watu walicheka mpaka Fanta zikamwagika.

Joselyne alitolewa nje katikati ya wanawake waliovaa mishanana, mavazi ya sherehe ya bega moja. Aliwaona wanavyokicheka kiganja chake. Akaweka kingine. Akapita mbele ya safu ya wazee, akimwekea kila mmoja cha kwake, na cha mwisho akakiweka puani kwa Muhigirwa. Kila kilipotokea, vigelegele vilipigwa. Papa Gratien alisema tangu aanze kazi hii hajawahi kupata msaidizi hodari namna hiyo.

Maman Béatrice alikuwa amekaa nyuma na sahani ya wali. Ni mwanamke wa Bukavu, muuza dagaa wa sambaza, aliyepanga chumba jirani, na marehemu mama yao alikuwa rafiki yake. Viganja alikuwa ameshavizoea. Nyuso ndizo zilizomshtua. Hakuna aliyekuwa hajui maana. Mtoto anayetambaa anaijua ishara ile, mbwa anaijua, na hawa watu wazima waliovaa tai wanapiga makofi. Akaweka sahani chini, akasimama.

"Joselyne anakatala," akasema. "Hii haiko muchezo. Bote munaona mukono yake."

Papa Gratien aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Aksanti, Maman. Mulisikia? Hata jirani anatusaidia kukatala. Tumupigie makofi."

Wakampigia. Maman Béatrice alikaa.

Msemaji wa wageni akaomba basi asikike msichana mwenyewe. Watu wote walimwangalia Joselyne. Halafu wakamwangalia Ndizeye.

"Anasema aksanti," akasema Ndizeye, macho kwenye viatu vyake. "Anasema anakubali."

Maziwa yakaletwa. Safari ya kwenda kuandikisha ndoa ofisini, ambako mtu huulizwa mwenyewe, iliahirishwa mpaka wapate nafasi, na mpaka leo hawajaipata.

Mpunga ulipovunwa tena, Maman Béatrice alipanda basi dogo kwenda Nyakabuye kumwona. Muhigirwa alimkaribisha vizuri. Nyumba ilikuwa safi. Kiganja cha mlangoni kilikuwa kimevaa kofia ya mwenye nyumba, na cha dirishani kilibeba taulo lake. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa wazi. Kule ndani viganja vilizunguka kitanda, vya chini na vya juu, vimebanana kiasi kwamba Muhigirwa hupanda kwa ubavu, amebana tumbo. Alimweleza mwenyewe, kama mtu anayeeleza paa linalovuja.

Joselyne alikuwa amekaa karibu na jiko, mikono ndani ya kitenge. Maman Béatrice akaweka vidole viwili shavuni. Joselyne akavitazama muda mrefu. Akatoa mkono wake, akauinua, ukagonga kiganja chake kimoja cha zamani, akaupeleka upande mwingine, ukagonga kingine. Akaurudisha ndani ya kitenge.

"Ku mwanzo alikuwa anasumbua," akasema Muhigirwa. "Sasa alishazoea. Ona, Maman, haseme tena kintu."

Akachukua kofia yake kwenye kiganja cha mlangoni, akaivaa, akamsindikiza mgeni hadi kituoni.