Kesi Imepoa

Tangu saa nane mchana Yunia alikuwa ameketi peke yake ukumbini, kwenye benchi la mbele, akilitazama sanduku la mbao lililofungwa kufuli. Ndani ya sanduku mlikuwa na televisheni ya kambi. Ufunguo nilikuwa nao mimi, na kipindi kilikuwa cha saa kumi na mbili unusu. Nilipopita dirishani nikamwona vile, mikono mapajani, kitambaa cheupe cha kanisani kichwani, nilicheka moyoni nikajiambia kwamba hata harusini watu hawawahi namna hii. Kicheko hicho kilikuja kunitokea puani.

Jina langu ni Kimeli. Nilikuwa karani wa kupima majani katika shamba lile la chai, na kwa miaka mitano nilikuwa pia ulimi wa televisheni. Kambi yetu ilikuwa na Wakipsigis kama mimi, Wakisii kama Yunia, na wengine waliotoka mbali zaidi, na kila mtu alikuwa na lugha yake ya kulilia. Tulikutana kwenye Kiswahili, ambacho hakikuwa cha mama yake Yunia wala cha mama yangu. Kizungu walikijua wachache, na kati yao hapakuwa na aliyependa kusikika kunishinda mimi. Kila Jumapili nilisimama kando ya sanduku na rula ya mbao mkononi nikatafsiri. Wazungu wakigombana dakika tano, nilisema "wanagombana" nikapumzika. Wakibusiana, nilisema "wanasalimiana", kwa heshima ya wazee wa kanisa.

Kipindi tulichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha wapelelezi wawili wa mji fulani wa ng'ambo, mji wa mvua na magari mengi. Mwanamume tulimwita Koti, kwa sababu ya koti lake refu asilolivua hata ndani ya nyumba. Mwanamke tulimpa jina la Chelangat, jina la msichana aliyezaliwa jioni, maana kila palipotokea maafa yeye alifika jua likizama. Koti aligonga milango na kufoka. Chelangat alinyamaza akatazama viatu vya watu. Kidole kimoja hakivunji chawa, tulisema, na hao walikuwa vidole viwili hasa.

Sehemu ya mwisho kabla ya kipindi kwenda likizo ilituacha njia panda. Mvulana mmoja alikuwa amepotea. Wapelelezi walikiokota kiatu chake kando ya mto, kisha Koti akapigwa risasi, akaanguka kifudifudi nyasini, na majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Tukakaa miezi tisa bila kujua kilichofuata. Watu walinilaumu mimi, kana kwamba nilikuwa nimeyameza maneno yaliyobaki.

Yunia hakunilaumu. Alikuwa mchumaji wa chai, mjane, mwenye mtoto mmoja tu, Orina. Mwaka wa tisini na nne Orina, kijana wa miaka kumi na tisa, alikwenda Kipkelion kupakia magunia ya mahindi kwenye treni, akamwambia mama yake atarudi Ijumaa. Ijumaa hiyo haijafika. Polisi wawili walikuja kambini kwa pikipiki moja, mmoja akauliza, mwenzake akaandika, wakanywa chai, wakasema upelelezi unaendelea. Mimi ndiye niliyemwandikia Yunia barua za Kizungu za kupeleka kituoni. Nilimwandikia nne, na hakuna hata moja iliyojibiwa.

Jioni ile ya kiatu alinifuata mpaka mlangoni.

"Karani, hao wawili watapata huyo kijana?"

"Hao hawashindwi, mama Orina," nilimjibu, kwa sababu njaa ilikuwa inaniuma na nilitaka kwenda nyumbani. "Wewe ngoja tu warudi."

Akangoja. Asidhani mtu kwamba alikuwa mjinga. Alijua vizuri kwamba Koti na Chelangat hawamjui Orina wala hawatakuja Kericho. Ila alikuwa amejiwekea jambo moja moyoni: wale wakimpata mvulana wao, basi kupatikana kupo duniani, na yeye ataweza kuendelea kungoja. Hayo aliniambia baadaye, wakati ambapo hayakuwa na faida tena.

Wakarudi mwezi wa tano, mwaka wa tisini na sita, katikati ya masika. Ndiyo Jumapili ile Yunia aliyoketi benchini tangu saa nane, na jioni ukumbi ulijaa mpaka watoto wakapandishwa madirishani. Nilifungua kufuli taratibu zaidi kuliko ilivyohitajika, maana nilipenda ule ukimya. Picha ikatokea, muziki ukapigwa, watu wakashangilia. Kisha tukamwona Chelangat ameketi ofisini peke yake, na lile koti refu limetundikwa kwenye msumari ukutani.

"Koti ako wapi?" akauliza Kipchoge, kijana wa kupogoa chai, aliyependa kukaa nyuma na kupiga kelele.

"Amekufa," nikasema, na ukumbi mzima ukaguna.

Akaingia mwenzake mpya wa kazi, kijana mwenye masharubu, anatafuna kitu. Hatukumpenda. Mvua nayo ikaanza kuyapiga mabati, nikawa nasikia nusu ya maneno na nusu nyingine naisoma midomoni mwa wale wa kwenye kioo. Nilikuwa nimebaki nyuma kwa sentensi mbili. Hapo mkubwa wao akaingia, akaliinua faili la yule mvulana kutoka mezani kwa Chelangat, akasema kwa mkato kwamba kesi ile imekuwa baridi. Ndivyo Wazungu wanavyosema wanapokata tamaa. Kwao kesi ni kama nyayo za mnyama au mwili wa mtu, ikikaa sana hupotewa na joto lake, na wenyewe huiacha.

Nililijua neno hilo, nilikuwa nimelisoma vitabuni. Lakini mvua ilikuwa inapiga, picha inakimbia, na watu wamenikodolea macho. Nikanyakua neno lililokuwa karibu.

"Anasema kesi imepoa!"

Watu wa kwetu tunataniwa kwamba ndimi zetu hazitenganishi p na b. Siku nyingine ningesema "imeboa", watu wangecheka, nami ningepata nafasi ya kujirekebisha. Siku hiyo p ilitoka safi kama ya mwalimu wa shule.

"Poa!" akapaza sauti Kipchoge, akapiga mluzi. "Poa kabisa!"

Kwa vijana kama yeye, kitu kikiwa poa ni kizuri, mambo yamenyooka. Kwa akina mama wa kanisani, homa hupoa, hasira hupoa, vita hupoa. Hakuna aliyekuwa na maana mbaya ya neno hilo isipokuwa mimi niliyelisema. Wakapiga makofi. Yunia alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Nililiona kosa langu palepale. Rula ilikuwa mkononi, ningeweza kulipiga sanduku kuomba ukimya nikasema, jamani, nimekosea. Lakini Chelangat alikuwa amekwisha kuingia garini na yule wa masharubu, wanazungumza, na watu wananisubiri. Nikatafsiri mazungumzo ya garini. Faili la mvulana halikutajwa tena jioni hiyo, wala katika sehemu zote zilizofuata.

Yunia alinisubiri mlangoni, kama mara ile.

"Kwa hivyo huyo kijana alipatikana."

"Hawakumwonyesha, mama."

"Hawawezi onyesha kila kitu," akasema, akacheka kidogo. "Kama imepoa, imepoa."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na ulimi na nilikuwa na pumzi. Lakini aliniangalia kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu Orina aondoke, nami nikaogopa kuyazima. Nikamwambia aende polepole, njia inateleza.

Jumatatu hakuja kazini. Jumanne alifika kwenye mizani na kikapu kimejaa, aproni yake ya plastiki inachuruzika maji, akasimama mbele yangu akitabasamu.

"Jana nilienda kwa kituo," akasema. "Nikapata yule koplo wa ile pikipiki. Nikamwuliza, ile maneno ya Orina imepoa ama bado? Akafungua kabati, akatafuta faili mpaka akaipata. Akasoma. Akaniambia, 'Hiyo imepoa, mama. Imepoa kabisa.'"

"Alisema hivyo?"

"Hata alinishika bega."

Koplo alikuwa amesoma. Alilisikia neno kwa Kiswahili akalielewa kwa Kizungu, kama mimi, na nadhani alishukuru kwamba mama mwenyewe amemletea neno lisilochoma. Sikuweza kumlaumu. Niliusoma mshale wa mizani mara tatu, na mara tatu nikasahau ulipokuwa.

Wiki hiyo kambi nzima ilijua. Yunia alilifua blanketi la Orina akalianika uani. Alipaka chokaa ukuta wa ndani. Wanawake walipomuuliza kijana anakuja lini, alijibu kwamba serikali haitaji siku, ila mambo yamekaa sawa, na kwamba mwenye habari kamili ni karani. Wakawa wananisalimia kwa mikono miwili. Siku ya Alhamisi alinialika nyumbani kwake Jumapili, saa kumi, nile naye, kwa kuwa mimi ndiye niliyeileta habari.

Mke wangu Chemutai nilimficha mambo mengi katika ndoa yetu, lakini hilo nilishindwa. Nilimweleza tukiwa jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho akiendelea kuosha kibuyu cha maziwa.

"Baba Chepkemoi," akasema, "wewe ndiye ulimpatia hiyo neno. Enda uichukue."

"Nitamwambia nini?"

"Mimi sijui. Mimi sikusoma Kizungu."

Jumapili nilitembea kutoka kwetu hadi kwa Yunia nikiyapanga maneno. Nilikuwa na maneno mengi. Nikifika kwenye bomba la maji nayaona mazuri, nikifika kwenye ua wa miti ya misipresi nayaona ya kikatili, nikayapanga upya. Mlango ulikuwa wazi. Nyumba ilinukia chokaa na kuku wa kuchemshwa. Mezani palikuwa na sahani tatu: yangu, yake, na ya tatu imefunikwa kwa sahani nyingine. Chini ya dirisha kulikuwa na viatu vya Orina vya kwendea kanisani, vimepakwa rangi.

"Keti, karani. Hii ya tatu ni ya kuweka tu. Sikusema ni leo."

Akaomba kwa Kikisii, maombi marefu, nikalisikia jina langu ndani yake. Akanimegea ugali wa wimbi akaniwekea mbele.

"Kula," akasema. "Kula kabla haijapoa."

Nilirudisha mkono mapajani. Sijui uso wangu ulikuwaje, ila yeye alinitazama, mkono wake ukabaki hewani. Kisha akauteremsha polepole, akaigusa sahani ya tatu kwa mgongo wa kiganja, namna mama anavyompima mtoto homa. Akaukaza mkono pale.

"Hii imepoa," akasema kwa sauti ndogo, kana kwamba analisikia neno hilo mara ya kwanza. "Karani. Kwa Kizungu walisema aje?"

Nikamwambia kwa Kizungu, maana ndivyo nilivyoweza. Neno lilimpita.

"Na maana yake?"

Yale yote niliyoyapanga njiani yalikuwa yamenitoka. "Maana yake wameacha, mama Orina. Faili wameirudisha kabatini. Hawatafuti tena."

"Na koplo?"

"Na koplo."

Hakulia. Angelia ingenisaidia, ningepata la kufanya, ningemwambia pole. Alikaa tu, mkono juu ya sahani, macho kwenye ukuta mweupe. Nje watoto waliimba na kuku wakaparura. Kivuli cha dirisha kikatoka mezani kikaenda sakafuni. Nilimwonea huruma na nikajichukia, na vyote viwili havikumfaa kitu.

Kulikuwa kumeanza kuingia giza aliposimama. Aliifunua sahani ya tatu, akakirudisha chakula sufuriani kwa kijiko, akihakikisha hakuna kinachobaki. Akazibeba na sahani zetu ambazo hatukuzigusa.

"Chakula ikipoa haitupwi," akasema, bila kunitazama. "Inapashwa."

Akaenda kwenye mafiga. Nikamfuata.

"Kesho utaniandikia barua ingine."

"Nitaandika," nikasema. Nilijua itakakokwenda, na nadhani yeye pia alijua.

Moto ulikuwa umezimika zamani. Akapanga kuni juu ya majivu, lakini zilikuwa zimenyeshewa, zikafuka bila kuwaka. Kutoka ukumbini nilianza kusikia watu, kisha sauti ya Kipchoge ikiita, "Karani! Ufunguo! Saa imefika!" Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilipiga magoti kando ya Yunia nikapuliza. Nilipoishiwa pumzi akapuliza yeye, kisha mimi tena.