Madaftari ya Bernadine

Jumapili ya kwanza baada ya Wahunzi, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, kuhamishwa, maegesho ya uwanja yalifurika kama kawaida. Timu haipo, mageti yamefungwa minyororo, lakini saa nne asubuhi moshi wa soseji ulikuwa umeshafika ziwani. Hapa mjini Garrow kila familia ina sehemu yake pale ya kuchomea nyama siku za mechi, urithi wa mababu, na hakuna tajiri anayeweza kuikunja akaitia mfukoni.

Jiko langu lilikuwa ubavuni mwa gari la Bernadine Kosciolek, kama miaka yote thelathini. Kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Bernadine ana miaka hamsini na minane, mfupi, mdomo wembe. Nyuma ya gari lake kuna masanduku yenye madaftari arobaini na tisa. Kila mechi ya Wahunzi imo mle, tangu wachezaji walipokuwa wakitoka zamu ya kiwandani na kuingia uwanjani na masizi usoni. Baba yake, Zygmunt, alianza kuandika akiwa mchezaji, yeye akaendeleza. Kumbukumbu za klabu yenyewe ziliteketea ofisi ilipoungua. Basi Whitcomb, mwenye timu, alipokimbilia kusini kwenye jua na uwanja mpya, alibeba helmeti, jezi, hata jina. Historia ikambakia mama huyu.

Sasa Whitcomb akamtuma wakili wake, Ellery, viatu vinang'aa kama vya bwana harusi.

"Habari za asubuhi, mama."

"Zilikuwa nzuri kabla hujafika. Soseji?"

"Asante, nimeshakula."

"Hapo ndipo ulipoanza kufungwa," nikamwambia. Watu wakacheka, wakasogeza viti. Garrow hatujawahi kuikimbia kesi ya mwenzetu.

Ellery akajikohoza. "Mheshimiwa Whitcomb anajenga ukumbi wa historia ya timu. Anayahitaji madaftari."

"Mwambie aje mwenyewe. Na aje amevaa helmeti."

Tukapiga vigelegele. Lakini yule bwana hakuja mikono mitupu. Aliinama, akasema taratibu, "Baba yako atawekwa ukutani, mama. Lile bao la theluji litahesabiwa."

Vigelegele vikakatika. Soseji zangu zikaanza kuungua, nikaziacha.

Fainali ya mwaka 1937, theluji ilikuwa imefika magotini, mistari ya uwanja haionekani. Dakika ya mwisho Zygmunt alipenya katikati ya majitu, akaanguka na mpira kwapani. Refa akasema bado yadi moja kuufikia mstari wa bao. Kombe likaenda kwa wapinzani. Zygmunt alikwenda kaburini akisema alifika, na Bernadine hajawahi kuomba kitu kingine duniani ila mtu mwenye mamlaka akubali.

Bernadine akaweka kiganja juu ya sanduku la madaftari.

"Jina lake ukutani?"

"Kwa herufi za dhahabu."

"Na hao watakaolisoma, theluji wanaijua?"

"Kule haianguki, mama."

Bernadine akatoa daftari la mwaka ule, jalada limeshonwa kwa uzi wa viatu. Kila Jumapili ya kwanza ya msimu huusoma ukurasa ule mmoja, nasi tuna kazi yetu. Akavaa miwani.

"'Zygmunt Kosciolek amebeba mpira. Yadi moja haikutimia. Refa ameamua.'"

"ALIFIKA!" maegesho yote yakanguruma. Hata njiwa wa paa la uwanja waliruka.

"Umesikia?" Bernadine akamgeukia wakili. "Huu mwandiko ni wake. Jioni ile kalamu ilikuwa mkononi mwake, hakuna wa kumzuia, na angeweza kujipa bao. Hakujipa. Wewe leo unaniletea kama rushwa kitu alichojinyima mwenyewe?"

"Mama, kisheria kumbukumbu za timu ni mali ya—"

"Madaftari tumenunua wenyewe, baba na mimi, duka la kona. Wino wetu. Baridi nimeila mimi. Whitcomb alikuwa anakaa nyuma ya kioo, na hita!"

"Mpe hita yake aende nayo!" akapaza mmoja, na kicheko kikazunguka maegesho yote. Ellery akafunga mkoba wake.

Bernadine akafungua daftari la hamsini, jipya, bado lina harufu ya duka. Akaandika huku akisoma kwa sauti, ili asikie hadi wa mwisho kule getini:

"'Jumapili ya kwanza. Timu ya Whitcomb haikutokea uwanjani. Garrow tumeshinda, ushindi wa mezani.'"

Kelele zile, ndugu yangu! Watu wazima walikumbatiana kama tumebeba kombe. Mimi nilichoma kiganja kwa kupiga jiko kama ngoma.

Kelele zilipopoa, Bernadine akasimama juu ya sanduku, akaanza kuhesabu vichwa vya waliohudhuria, ili awatie daftarini, safu baada ya safu, kalamu ikitikisika hewani. "Mia tatu na kumi... na mmoja." Kalamu ilikuwa imemwelekea Ellery.

"Aa, dada! Huyo usimtie!" nikapiga kelele.

"Namtia," akasema Bernadine. "Si amekuja?"