Taa Nyeupe za Meshaki

Meshaki alizitaka taa nyeupe, na alizipata. Amri, fundi umeme wa magari pale mtaa wa Bagamoyo mjini Tukuyu, aling'oa balbu za njano za pikapu kuukuu ya Meshaki akafunga LED kali, na kijiji kizima cha Lupepo kikasikia majigambo yake: sasa usiku kwake ni mchana! Mzee wa watu alisahau anaishi wapi. Huku ukungu ukishuka, hata ng'ombe anapotea mlangoni kwake.

Ulishuka jioni ile ile mjukuu wake alipobanwa na kifua. Mtoto alivuta pumzi kwa kukoroma, midomo imeanza kubadilika rangi. Godwin, mwanawe Meshaki na baba wa mtoto, alikuwa machimboni Chunya. Ikupa, mke wa Meshaki, akapanda mbele ya pikapu na mjukuu mapajani, waende hospitalini. Atupele, mama wa mtoto, akapanda nyuma kwenye bodi, peke yake, kajifunika kanga gubigubi. Kwa mila za huko, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Wengi wameiacha mila hiyo, Meshaki hakuiacha. Tangu Atupele aolewe, Meshaki alimjua kwa kisogo tu, mkwewe akichepuka njiani kumpisha.

Walipofika kwenye mashamba ya chai, Meshaki hakuona kitu. Mwanga mweupe uligonga ukungu ukamrudia machoni, kama kafunikwa shuka usoni. Akapunguza taa, hali ile ile. Akazima, giza totoro. Kushoto mtaro, kulia korongo.

"Baba Godwin, twende! Mtoto anatuishia!" Ikupa alilia.

"Niende wapi? Sioni!" Meshaki aliupiga usukani ngumi, akajilaani yeye na taa zake.

Nyuma kukasikika kishindo. Atupele alikuwa ameruka chini. Akapita ubavuni mwa gari, akaingia kwenye mwanga mbele ya boneti, akaanza kutembea katikati ya barabara ili awaongoze. Meshaki akaingiza gia. Lakini macho yaliinama yenyewe kwa mazoea ya miaka, gari likayumba, gurudumu likaserereka kuelekea mtaroni.

"Mtazame!" Ikupa alimkemea. "Ukimkwepa mkweo leo, kesho tunamzika mjukuu!"

Meshaki akainua uso. Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto, lakini alitazama. Atupele alikuwa pekupeku, amelowa, sasa akikimbia, na kila mara aligeuka kumwonyesha kwa mkono, akimwita baba kwa kilugha: huku, tata, huku! Ni binti mdogo kabisa, Meshaki alijiambia, na analia kwa sauti. Akamfuata bila kupepesa hadi ukungu ulipokatika karibu na lami, Atupele akapanda tena nyuma.

Hospitalini mtoto alipelekwa ndani haraka akawekewa oksijeni. Wao wakabaki koridoni. Atupele alisimama mbali, kageukia ukutani, vidole vya miguu vikivuja damu. Meshaki alimwomba Mungu asimfanye mzee mjinga aliyemuua mjukuu kwa majivuno.

Muuguzi akatoka. "Mmemuwahi," alisema. "Anapumua vizuri sasa. Nani kamleta?"

Ikupa alimgeukia mumewe. Meshaki akainuka, akamnyooshea mkono mkwewe, akimtazama.

"Ni huyu," alisema. "Mimi nilikuwa namfuata tu."