Chokaa ya Kushindia Kesi

Kunegunda hakuuamini ule ufa tangu alipouona. Ulikuwa kwenye pembe ya mashariki ya mahakama ya zamani ya Songea, jengo la enzi za Mjerumani: msingi wa mawe, kuta za matofali ya kuchoma yaliyoshikwa kwa chokaa, baraza lenye matao mapana. Waingereza waliongeza chumba cha karani. Waliofuata wakang'oa vigae wakaweka bati. Yeye, msanifu majengo, alitakiwa kuamua siku hiyo kama jengo lisimame au livunjwe.

"Msingi umetitia, Injinia," alisema Optatus, mkandarasi wa kofia ya njano, aliyekwisha kuahidiwa kazi ya kuvunja. "Likimwangukia mtu tutajibu nini?"

"Tutajibu kilichotokea."

"Kusoma kwingi nako! Haya, pima." Akaenda kunywa chai.

Kunegunda akapima. Msingi ukititia, ufa huanzia chini. Huu haukugusa jiwe hata moja la msingi. Ulianzia pale chokaa ilipotoka kati ya matofali, na chokaa ilikuwa imetoka pale tu mkono wa mtu unapofika. Mvua haichagui kimo.

Alimshuku Optatus. Lakini kushuku si kujua, kwa hiyo aliingia ndani, akajibanza kando ya dirisha.

Haukupita muda, mama mmoja akaja kutoka mahakama mpya iliyo jirani. Akaangaza huku na huku, akachuchumaa, akachomoa msumari kwenye pindo la kitenge, akaanza kukwangua.

Kunegunda akatoka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenishtua, mwanangu! Nikadhani polisi."

"Hiyo chokaa ya nini?"

"Wewe huna kesi?"

"Sina."

"Ndiyo maana unauliza."

Aliitwa Justa, mkulima wa Lusewa. Shemeji yake alikuwa amemnyang'anya shamba la mahindi, na hukumu ilikuwa inasomwa mchana huo. Chokaa ya hapa, alisema, imesikia hukumu nyingi. Ukijipaka viganjani, hakimu hakugeuki.

"Chokaa haisikii, mama."

"Hakimu naye kuna siku hasikii."

Kunegunda nusura acheke. "Nani alikufundisha?"

"Yule bwana wa kofia ya njano. Anatukuta kwenye foleni. Mwema, hata misumari anagawa."

"Utayasema hayo mbele ya afisa wa halmashauri?"

"Siku ya kesi mtu haongezi kesi nyingine." Akaondoka na chokaa yake.

Ukabaki ukuta peke yake kuwa shahidi. Kunegunda akamwita Fulgence, afisa wa halmashauri, na vibarua wakachimba kwenye pembe ile Optatus akiwa amesimama hapo hapo. Mawe ya msingi yalikuwa makavu, yamekaa sawasawa kama siku ya kwanza.

"Basi lisimame," alisema Fulgence.

"Safi kabisa," alisema Optatus bila kupepesa jicho. "Mimi mwenyewe nalipenda jengo hili. Kazi ya ukarabati nitaiomba."

Kunegunda alikuwa bado anatafuta la kusema lisilo tuhuma tupu, Justa akaja mbio kutoka mahakamani.

"Bwana wa kofia! Nimeshinda! Shika msumari wako, umpe na mwingine akakwangue!"

Fulgence akamgeukia Optatus. Optatus akatazama barabarani.

Kunegunda akaandika kwamba jengo lisimame, na huyu asipewe hata kazi ya kupaka rangi. Kisha akaagiza pembe ile izungushiwe uzio upesi, maana habari za ushindi wa Justa zilikwisha kufika kwenye foleni, na watu walikuwa wameanza kuja.