Theluji ya Mzee Rula

Siku yangu ya mwisho ya majaribio, Mzee Rula alinipa kazi moja: bango la Krismasi la kubandika kwenye kioo cha duka lake la uchapaji. Tunamwita Rula kwa sababu hupima kila kitu, hata salamu.

"Ukinifurahisha, umeajiriwa," akasema. Akaniachia karatasi ya maelekezo: *familia ya kupendeza, furaha, theluji.* Kisha akaenda kunyoa ndevu.

Kompyuta ya duka huchora chochote unachoiandikia. Nikaandika kama nilivyoagizwa. Ikatoa watu wanne wenye meno mengi kuliko kinanda, na theluji hadi dirishani. Mimi theluji naijua ndani ya friji tu, ikizuia mlango usifungike.

Nikafuta. *Mama fundi cherehani asubuhi ya Krismasi, bila theluji.* Theluji ikaongezeka. *Nimesema usiweke theluji!* Ikamwagika mpaka juu ya cherehani.

Hapo mama akaingia kuniletea simu niliyoisahau kwenye kibanda chake cha kushonea, ng'ambo ya barabara. Akainamia kompyuta.

"Huyu nani?"

"Wewe."

"Mimi? Na pua ya kuchongea penseli? Na vidole sita!"

"Cha sita si kitakusaidia kushona?"

"Nitakufinya nacho." Akavuta kiti. "Wewe kila ukiitaja theluji unaikumbusha. Mteja wangu haniambii anataka gauni lisilo suruali. Anasema anachotaka, basi. Andika: mwanamke mnene."

"Mnene, mama?"

"Andika! Mwili huu sijamwibia mtu. Futi shingoni, pini mdomoni. Anamalizia upindo wa gauni la mtoto wa jirani, mtoto kajifunga shuka anasubiri. Jua mlangoni. Vipande vya kitambaa chekundu sakafuni."

Picha ilipotoka, mama akahesabu vidole, vitano kila mkono, akacheka.

Mzee Rula akarudi, kidevu kinang'aa. "Theluji iko wapi?"

"Imeyeyuka, mzee. Jua kali."

"Sina utani. Na huyu ndiye familia ya kupendeza? Weka theluji, au kesho usije."

Kazi ile niliitaka. Nilikuwa nimezunguka mwaka mzima kutafuta, mpaka soli ikaisha nikawa nakanyaga lami kwa soksi. Nikamtazama mama. Alikuwa anavuta blauzi yake chini, kama mtu aliyegundua ghafla kwamba haijamkaa.

Nikabonyeza kuchapa, ukubwa wa mlango.

"Kesho siji," nikasema.

"Toka na takataka yako!"

Tukavuka barabara na takataka yetu, tukaibandika kwenye mlango wa kibanda, ikitazamana na duka lake uso kwa uso. Mama akapima kwa futi isiende upande.

Mzee Rula akafunga pazia. Lakini nani ataingia duka lenye giza? Akalifungua tena.

Nikampungia mkono. Vidole vitano tu, vyote vyangu.